Paa la Mita Hamsini

Ramani ilikuwa kubwa kuliko meza. Mbuthia aliitandaza Jumamosi asubuhi, akaibana pembe moja kwa chupa ya asali na nyingine kwa jagi la maji, na iliyobaki ikaning'inia hadi kwenye kiti anachokalia binti yao Ciru akija likizo kutoka shule ya bweni. Mkewe, Wangeci, aliuliza watu watakula wapi. Akajibiwa kwamba hakuna kula mpaka dunia imalizike kupimwa, naye akacheka. Kicheko kilikuwepo siku hizo katika nyumba ile ya ghorofa ya nne, Kileleshwa, na nataka kijulikane mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yalifanywa na watu walioogopa kukipoteza.

Mbuthia Kiragu alikuwa mhandisi wa migodi. Kampuni iliyomwajiri, yenye ofisi katika jengo la vioo kule Westlands, ilikuwa imepata dhahabu chini ya kijiji kimoja magharibi mwa nchi, na kwa miaka miwili wakubwa wake walikuwa wakibishana jinsi ya kuitoa. Wengine walitaka kuchimba wazi. Ardhi ingefunuliwa kutoka juu, shimo moja pana lishuke kama ghorofa sitini, na familia mia sita na arobaini zihamishwe pamoja na makaburi yao. Mbuthia alitaka njia ya chini. Waingilie ubavuni mwa kilima ng'ambo ya mto, wafuate mshipa wa dhahabu kwa mapango, na juu ya mapango hayo waache mita hamsini za mwamba mzima usioguswa. Mwamba huo aliuita paa. Juu ya paa lile watu wangeendelea kupanda mahindi na kuzika wazee wao kama kawaida. Kila alipoeleza habari hiyo sauti yake ililainika, maana aliiamini kwa moyo wote, na mtu anayeamini jambo jema huwa vigumu kumuuliza maswali.

Ivyne, aliyewafanyia kazi za nyumbani kwa miaka sita, aliingia na chai akakosa pa kuiweka. Akasimama na sinia, macho kwenye ramani. Kijiji kile ndiko alikozaliwa. Mbuthia alipenda kutania kwamba ameajiri mwenye dhahabu amfulie soksi.

"Kuja uone, Ivyne," alimwambia. "Huu ndio mto wenu. Hii ni kanisa, hii laini nyeusi ni barabara ya kwa chifu. Mama yako haendi mahali. Hakuna kuhama."

"Na hiyo dhahabu?"

"Tunapita chini. Yeye atakuwa anasonga ugali yake, hata hatatusikia."

"Chini kiasi gani, Baba Ciru?"

Swali lilimfurahisha. Ni watu wachache mno waliowahi kumuuliza jambo la maana kuhusu kazi yake ndani ya nyumba ile. Akamwambia kwamba kutoka miguuni mwa mama yake hadi kwenye mapango kutakuwa na mita hamsini za mawe matupu, na kwamba hata wakilibeba jengo hili wanamoishi na kulipanga mara mbili, bado halingefika. Ivyne alishukuru. Aliweka sinia chini sakafuni kando ya mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akarudi jikoni, na bomba la maji likasikika likimwagika muda mrefu bila chombo chini yake.

*

Alichokijua Ivyne kilijulikana na kijiji kizima, na ndiyo maana hakikuwa kimeandikwa popote.

Mwaka uliotangulia kampuni ilituma makarani wenye tableti. Kila boma liliulizwa mambo manne: watu wangapi, makaburi mangapi, miti mingapi, mashimo mangapi. Watu wa pale walikuwa wakichimba dhahabu tangu enzi za babu zao, kwa sururu na kamba, na shimo lilirithiwa kama shamba. Lakini wiki moja kabla ya makarani kufika, habari ilizagaa sokoni kwamba boma lenye shimo litaandikwa kuwa la wachimbaji haramu, kwamba mwenyewe atapelekwa polisi na ardhi yake ithaminiwe kama ya machimbo ya kokoto. Hakuna aliyejua habari ilitoka wapi, na kila mtu aliichukua ilivyo. Kwa siku sita kijiji kikafunika mashimo yake. Walilaza magogo, juu ya magogo wakaweka mabati, juu ya mabati udongo, na juu ya udongo wakapanda migomba au wakajenga vibanda vya kuku. Mama yake Ivyne alijenga jiko. Mabati yalitoka Nairobi, yalitumwa na Ivyne kwa basi, na alijisifu kwa wenzake kwamba amemjengea mama jiko.

Makarani waliandika mashimo kumi na moja, yote ya kando ya mto. Chifu akagonga muhuri.

Siku hiyo ya ramani, Ivyne alitoka kwenda kwenye kibaraza cha kuanikia nguo akampigia mama yake. Alimweleza, kwa lugha ya kwao, habari ya paa na mita hamsini. Mama alisikiliza, kisha akamuuliza kama ana kichaa. Wakijua kuna mashimo, alisema, watachimba kote, na baba yako atafukuliwa kwenye kaburi lake atiwe kwenye gunia, na majirani watajua ni binti wa nani aliyesema. Akamwambia afunge mdomo kwa jina la Mungu. Ivyne aliondoa nguo za Mbuthia kambani moja moja, mbichi, kisha akazianika tena.

*

Katika nyumba za Nairobi kuna sheria zisizoandikwa, na mfanyakazi anayetaka kudumu huzijua. Baba wa nyumba husalimiwa na kuandaliwa chakula. Neno zito hupelekwa kwa mama wa nyumba, naye ndiye hulifikisha. Msichana anayepeleka maneno yake moja kwa moja kwa mume wa mtu ataulizwa ni nini kingine anachopeleka. Ivyne alikuwa na miaka thelathini na nne na hakuwahi kuivunja sheria hiyo hata mara moja. Ndiyo iliyomweka pale miaka sita.

Kwa hiyo alingoja saa kumi, wakati wa kukunja mashuka, kazi inayotaka watu wawili. Wangeci alishika pembe zake, Ivyne zake, wakasogeleana na kuachana.

"Mama Ciru, kuna kitu nataka umwambie Baba Ciru."

"Unataka siku ya ofu?"

"Hapana. Ni hiyo ramani yake. Kwetu mashimo si kumi na moja. Kila boma iko na yake, tulizifunika. Ya baba iko chini ya jikoni ya mama."

Wangeci aliendelea kukunja. "Inaenda chini aje?"

"Kamba tatu. Kamba moja ni kama gorofa tano. Na huko chini zimeshikana, unaingilia kwetu unatokea kwa jirani."

Wangeci hakuwa mhandisi, lakini alikuwa amefanya kazi ya bima katikati ya jiji kwa miaka kumi na minne, na ghorofa kumi na tano alijua kuzipiga hesabu. Kwa mita tatu kila ghorofa, kati ya mita hamsini zilibaki tano. Aliweka shuka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja, akalisawazisha tena.

"Nitamwambia," alisema.

"Leo?"

"Nitamwambia, Ivyne. Wewe umeshasema, imetosha."

Ivyne alihisi mzigo umemtoka, akashukuru kwa dhati. Alikuwa amemvunjia mama yake amri, lakini sasa wataalamu watajua, na wataalamu wakijua watapanga njia nyingine. Alipika chakula cha jioni akiimba pambio.

Na Wangeci alikusudia kusema. Msomaji asimhukumu haraka. Chumbani alianza mara mbili. Mara ya kwanza Mbuthia alikuwa akimsimulia jinsi Kamene, mkurugenzi wao, alivyowaambia wenzake kwamba mpango wa chini ndio wa kistaarabu na kwamba atakuja kula chakula cha mchana kesho, kabla ya kutia sahihi Jumatatu. Mara ya pili alikuwa amekwisha sema "Kuna kitu Ivyne..." na Mbuthia akamkatiza kwamba ndiyo, Ivyne atengeneze mukimo, Kamene anapenda mukimo.

Wangeci alinyamaza kwa sababu ya tai. Miaka minne nyuma Mbuthia alikaa mwaka mzima bila kazi, na kila asubuhi ya mwaka ule alioga, akavaa shati na tai, akakaa sebuleni. Ivyne alipofagia ilibidi amwambie, "Baba Ciru, inua miguu kidogo." Naye aliinua miguu. Wangeci alikuwa amewahi kurudi nyumbani kuchukua kitambulisho alichosahau, akaiona miguu ile ikining'inia hewani kama ya mtoto, na hakuwahi kuisahau. Kukiwa na mashimo, mpango wa chini umekufa, wale wa kuchimba wazi wameshinda, na Mbuthia ndiye aliyewapotezea watu miaka miwili. Akajiambia kwamba vijijini watu husema mengi. Akajiambia kwamba kamba ya mtu mmoja si kamba ya mwingine. Akalala.

*

Kamene alifika saa saba na shada la maua. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ndogo, wa aina ile ambayo watu huinama kidogo wanapomsikiliza. Alisifu nyumba, akasifu mukimo, na baada ya kuku alifuta vidole na kuuliza, kana kwamba amekumbuka tu, kuhusu mashimo ya wachimbaji wadogo.

Mbuthia alisema kumi na moja, kando ya mto.

"Kijiji kizima, miaka yote hiyo, kumi na moja?"

Swali hilo Mbuthia mwenyewe alikuwa amejiuliza mara nyingi akiwa peke yake ofisini, na kila mara alijibu kwa kutazama muhuri wa chifu. Sasa alifanya alivyozoea kufanya akibanwa, alitania. "Si tuulize mwenyeji? Ivyne! Kuja kidogo."

Ivyne alitoka jikoni na mikono imelowa. Hakuambiwa aketi, na hakuna aliyeona ajabu. Kamene alimtabasamia.

"Unaitwa Yvonne?"

"Ivyne."

"Ivyne. Mimi nataka tu kujua, huko kwenu kuna mashimo ya kuchimba dhahabu kwa maboma ya watu? Sema tu ukweli."

Ivyne alifikiri upesi, na alifikiri vizuri kadiri alivyojua mambo. Mama Ciru alisema atamwambia mumewe, na jana usiku sauti zao zilisikika chumbani. Basi Baba Ciru anajua. Na kama anajua, na bado anamwita mbele ya mkubwa wake amwulize hadharani, kuna jibu analolitaka. Wana mpango wao. Yeye ni nani amwaibishe mwenye nyumba mezani pake? Alimtazama Wangeci apate hakika. Wangeci alikuwa akichota mukimo ambao hakuna aliyeuomba, macho kwenye upawa.

"Hakuna," alisema Ivyne.

"Hata zile za wazee?"

"Zilizibwa."

Kamene alishukuru, akaandika kitu kwenye simu yake. Mbuthia alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ivyne alirudi kwenye vyombo akiwa na fahari ndogo ya mtu aliyetunza siri ya nyumba, na Wangeci akapata kwamba sahani ya mgeni imejaa hadi inamwagika.

*

Jumatatu Mbuthia alimpeleka Wangeci kazini kama kawaida kabla ya kugeuza kwenda Westlands. Magari yalikuwa yamekwama tangu mzunguko wa barabara, na kwa dakika arobaini waliketi bega kwa bega, redio ikisoma habari. Alikuwa amevaa tai mpya. Wangeci aliiangalia, akasema imekaa vizuri.

Mjini alishuka, akavuka kati ya wachuuzi wa soksi na chaja za simu, kisha akasimama na kugeuka. Gari lilikuwa bado pale, limezibwa na basi. Angeweza kurudi, agonge kioo. Alihesabu hatua, hazikuzidi ishirini. Mchuuzi mmoja alimuuliza mama anatafuta nini, akamjibu kwamba hatafuti kitu, na alipotazama tena basi lilikuwa limesogea na gari halipo.

Saa tano Mbuthia alimtumia picha ya ukurasa wa mwisho wa ripoti. Sahihi yake ilikuwa chini ya ile ya Kamene, kwa wino wa buluu, na juu yake kibali cha kupeleka kijijini mtambo wa kutoboa mwamba ili kulipima paa. Wangeci alituma makopa matatu ya mapenzi, akaenda msalani, akakaa humo mpaka mwenzake mmoja akabisha hodi.

*

Jumamosi iliyofuata meza ilikuwa tupu. Mbuthia aliingia jikoni, mahali asipofika sana, akiwa na kitenge kwenye mfuko wa karatasi. Alimwambia Ivyne kwamba ni shukrani. Alimwambia pia kwamba amemtia kwenye ripoti, bila jina lakini yumo, ukurasa wa tisini na mbili: mkazi wa eneo hilo amethibitisha kwamba hakuna mashimo katika maboma.

Ivyne alikishika kitenge bila kukifungua.

"Lakini hiyo nilisema kwa sababu Mama Ciru alikuwa ameshakuambia."

"Ameniambia nini?"

Ivyne alitazama juu ya bega lake, mlangoni, ambapo Wangeci alikuwa amesimama na kikombe. Mbuthia aligeuka. Aliwatazama wote wawili, kisha akauliza tena, polepole, ameambiwa nini, na safari hii Ivyne alivunja sheria ya miaka sita na kumwambia mwenyewe: maboma yote, kamba tatu, jiko la mama, vichochoro vya chini ya ardhi vilivyoshikana. Mbuthia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageukia mlangoni tena.

"Lini?" alimuuliza mkewe.

"Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alimwambia tu, "Wangeci, hiyo paa haipo," akachukua simu.

Kamene alipokea haraka. Mbuthia aliweka sauti wazi. Alieleza vizuri, kwa maneno ya kazi.

"Mbuthia, mimi nilimuuliza huyo msichana mwenyewe," sauti ndogo ikasema. "Kwa meza yako, na chakula yako mdomoni. Alisema hakuna. Leo anasema kuna. Kesho atasema nini? Weka kwa maandishi, Jumatatu tutaangalia."

"Mtambo wa kutoboa uko wapi sasa?"

"Ulifika jana. Wanaanza kutoboa leo. Wamepata mahali pazuri, kuna mama fulani amewapa uwanja wake kando ya jikoni, ndio tambarare peke yake kwa hicho kijiji."

Ivyne aliweka kitenge chini. Uwanja wa kwao ulikuwa tambarare kwa sababu baba yake alitoa udongo shimoni kwa miaka kumi na miwili, ndoo kwa ndoo, na watoto wake wakausawazisha kwa majembe. Mtambo ule ulikuwa na uzito wa tani ishirini na mbili. Mbuthia aliujua uzito huo kwa kichwa, kwa kuwa ndiye aliyeuagiza.

Alianza kumpigia msimamizi wa mtambo. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Wanaofanya kazi kwenye mtambo huziba masikio. Akapiga tena.

Ivyne alimpata mama yake mara ya kwanza. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na mngurumo unaopanda na kushuka. Alimwambia atoke jikoni. Mama alimjibu kwamba hawezi, ana sufuria mbili motoni, anawapikia wanaume wa mtambo, na kwamba si mtoto wa kumfundisha yeye mahali pa kusimama. Ivyne alilia kwa lugha ya kwao. Mama akamwambia azungumze polepole, mashine ina kelele.

Basi Ivyne alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Alimshika Wangeci mkono, akautia simu ndani yake, akavikunja vidole vya tajiri wake kimoja kimoja juu ya simu.

"Uliniambia utasema," alimwambia. "Sema."

Wangeci alisema ni yeye, Mama Ciru, wa Nairobi. Kikongwe alifurahi mpaka sauti ikapasuka. Akaanza kushukuru. Mungu awabariki, alisema, awape miaka mingi, maana wamewaachia nyumba zao na makaburi yao, na jana kijiji kizima kilikesha kanisani kikiwaombea, hata huyo mtoto Ciru wametaja jina lake. Wangeci alifungua mdomo mara tatu na mara tatu baraka zikampita juu.

"Mama," alisema mwishowe, "mama, tafadhali nisikize. Toka jikoni. Toka uende mbali kabisa, na uwaambie hao watu wazime mashine. Hapo chini kuna shimo. Tunajua kuna shimo."

Baraka zilikatika. Mngurumo ulibaki peke yake, na karibu zaidi, kifuniko cha sufuria kikitikisika. Kisha sauti ya mwanaume ilisikika ikimuuliza mama kama kuna shida yoyote.

"Hakuna," kikongwe alimjibu mwanaume yule, kwa nguvu, asikie na aliye mbali. "Ni watu wa Nairobi tu. Kwangu hapa hakuna shimo. Hakujawahi kuwa na shimo."

Aliweka simu mahali bila kuikata. Mbuthia alikuwa bado akipiga ile nyingine. Ivyne aliichukua yake kutoka mkononi mwa Wangeci, akailaza mezani, akapandisha sauti hadi mwisho, na wote watatu wakainama kusikiliza.